Ngoma Iliyokatizwa

Spika ya kushoto ilipumua kabla haijawashwa. Alen aliisogelea, akasikia harufu ya udi, harufu ngeni kabisa katika kanisa lao la Kilutheri huko juu Lushoto. Akajiambia ni vumbi limeungua. Muongo! Alijua vizuri.

Jana yake alikuwa amefunga mfumo wa Linux kwenye kompyuta ya kwaya na kuweka seva ya sauti, programu inayopokea sauti za maikrofoni na kinanda na kuzigawa kwenye spika. Ili kuijaribu, alicheza ngoma iliyokuwa kwenye simu yake: ngoma ya kumpunga pepo mama yake, Efrazia, aliyoirekodi kwa siri kule kijijini Mnazi. Mama, mke wa mzee wa kanisa! Watu waliambiwa amekwenda kutibiwa mgongo. Beatha, mwalimu wa kwaya, alipoingia, Alen aliona aibu, akaikata ngoma katikati. Na jini akishaitwa kwa ngoma yake, ngoma haikatwi mpaka aagwe.

Sasa, katikati ya ibada, kwaya ilifungua kinywa, na spika zikatoa ngoma. Alen alizima seva, akazima kompyuta, akachomoa nyaya moja baada ya nyingine huku jasho likimtiririka mgongoni, lakini ngoma ilizidi kupanda, udi ukazidi kujaa, mpaka watoto wakaanza kulia, na sauti kavu ya kiume ikatoka kwenye spika zisizo na umeme.

"Mmeniita. Yuko wapi mtu wangu?"

Mchungaji alimwinamia Alen. "Hii ngoma umeitoa wapi?" alinong'ona.

"Sijui, Mchungaji. Labda virusi."

"Si ndiyo uliyoipiga jana?" Beatha aliuliza.

"Siyo mimi, dada. Hata siijui."

Kwenye viti vya akina mama, Efrazia alisimama.

"Mwacheni mwanangu," alisema. "Ngoma ni yangu."

Spika zikanyamaza. Efrazia akaja taratibu mpaka kwenye meza ya mitambo, kanisa zima likimtazama. Alen hakuthubutu kuinua uso. Aibu ilimchoma, akajifanya anakunja nyaya.

"Alen." Kinywa kilikuwa cha mama yake, sauti ilikuwa ile kavu. "Umemkana mama yako. Basi mama yako sasa ni mimi. Mbona huniamkii?"

Alen aliziweka nyaya chini.

"Shikamoo, mama," Alen akasema.

"Marahaba."