Mume Wangu Aliandika Sura ya Tano, Nikahukumiwa Mimi

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na mmoja. Ni mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa Lulindi, na kwa sasa nimepanga chumba kimoja hapa Masasi. Nyumba tuliyoijenga pamoja na mume wangu ipo Newala. Humo anakaa yeye, na watu wanampa pole kwa sababu yangu. Ndiyo, mmesoma vizuri... anayepewa pole ni yeye!

Mimi naandika riwaya za mapenzi ya watu wazima. Sioni haya kulisema. Wahusika wangu ni watu waliooana, wanaopalilia mikorosho, wanaogombana kwa ajili ya mawifi, kisha jioni wanafunga mlango. Waandishi wengine wakifika kwenye mlango ule hugeuza uso. Mimi huingia nao. Hilo ndilo kosa langu lote.

Kwenye jalada nilijiita Dada Bibo. Aliyelibuni jina hilo ni Baba Neema, mume wangu, karani wa chama cha wakulima na mzee wa kanisa. Yeye ndiye aliyefungua akaunti kwenye duka la vitabu la mtandaoni, kwa jina lake na simu yake, akaniambia mambo ya mitandao nimwachie. Nikamwachia. Rasimu zangu alizisoma kabla ya mtu yeyote, amejilaza kwenye kochi, anachekelea.

Kitabu cha tatu kilipofika sura ya tano, akalalamika kwamba nimekuwa mwoga. Akachukua kompyuta, akaiandika upya sura nzima yeye mwenyewe. Ilikuwa ovyo, maneno ya vijiweni matupu. Nikamwomba tuitoe. Akanuna, chakula hali, salamu haitiki... nikaiacha ili nyumba iwe na amani.

Kisha likaja sekeseke. Watu waligundua kwamba duka lile lilikuwa linauza pia vitabu vinavyousifu ubakaji, vimepangwa pamoja na vyetu. Wakapiga kelele, na walikuwa na haki. Vitabu vile hata mimi ningevitoa kwa mikono yangu. Lakini wenye duka hawakukaa kusoma. Walifagia kila kilichoandikwa kuwa ni cha mapenzi ya watu wazima. Asubuhi moja nikakuta vitabu vyangu vyote havipo, hata kile cha mjane anayejifunza kucheka upya, ambacho ndani yake hakuna hata busu!

Nikaandika kuuliza nimekosa wapi. Jibu lililokuja halikuwa na jina la mtu. Nikauliza tena, likaja lilelile, neno kwa neno. Hao ndio walinzi wetu wa maadili... watu wasiojua wamechoma nini.

Mitandaoni watu walibishana. Wapo waliosema mtu mzima asichaguliwe cha kusoma. Wapo waliotaka tuchomwe sisi waandishi pamoja na vitabu. Katika kundi la simu la walimu wa kwetu, aliyepiga kelele kuliko wote ni bwana mmoja ambaye sijawahi kumwona akimaliza kitabu, hata cha kiada.

Siri yangu ingebaki siri. Ila msimu wa mabibo, matunda ya mikorosho, ulikuwa umefika, na Baba Neema akishapata uraka, pombe ya mabibo hayo, mdomo wake hauna breki. Alikaa na rafiki yake, mhazini wa kanisa, akajigamba kwamba huyo Dada Bibo analala nyumbani kwake. Kufikia Jumapili, Newala nzima ilikuwa inanikodolea macho.

Nikaitwa mbele ya baraza la kanisa. Nilikwenda bila hofu kubwa, kwa sababu nilijua nina mume. Mhazini akavaa miwani, akasema atasoma kipande kimoja tu ili wazee waone uchafu wenyewe. Akaanza. Ilikuwa sura ya tano... Aliisoma polepole, hakuruka neno. Wazee waliinamisha vichwa, lakini hakuna hata mmoja aliyemwambia basi.

Mchungaji akamuuliza mume wangu kama alijua mkewe anaandika mambo haya.

"Sikujua, Baba Mchungaji," akajibu Baba Neema. "Sijawahi kusoma hata ukurasa mmoja. Naomba mniombee, huu ni msalaba wangu."

Nikasimama. Nikamgeukia mume wangu.

"Baba Neema, hicho kilichosomwa umekiandika wewe. Waambie."

Mnadhani aliulizwa tena? Mhazini alisema mwanamke akishachafuka hutafuta wa kumpaka. Wakapiga magoti, wakamwombea mume wangu. Mimi nikavuliwa uongozi wa akina mama. Nyumbani akaniambia nivumilie, alikuwa anaokoa heshima ya nyumba. Muda si mrefu akataka niondoke kidogo ili watu watulie. Nikaomba uhamisho, nikaja Masasi. Binti yetu Neema, anayesoma chuo Mtwara, akaacha kupokea simu zangu. Hilo ndilo lililoniliza... mengine yaliniudhi tu.

Siku moja, katika chumba cha walimu, mwenzangu Mwalimu Halima, mtu wa Tanga, akanisogezea simu. Akaninong'oneza kwamba kuna hadithi kali inauzwa kwa siri kutoka Tandahimba mpaka huku. Nikasoma mistari michache. Alikuwa yule mjane wa kitabu changu! Amepewa jalada la mwanamke nusu uchi, na ile sura ya tano imepachikwa katikati. Namba ya muuzaji niliijua kwa kichwa. Mume wangu, mzee wa kanisa! Marufuku iliyonifukuza mimi ndiyo iliyompa yeye wateja.

Baada ya hapo Neema akatokea mlangoni kwangu na begi lake, bila taarifa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akalia kwanza, ndipo akanieleza. Baba yake, kwa pupa zake, alikosea akatuma kitabu kwenye kundi la simu la baraza la kanisa badala ya kumtumia mteja. Alipobanwa akampigia binti yake.

"Ameniomba niseme ni mimi niliyeazima simu yake nikakituma, mama. Mimi!"

Alikataa. Basi mhazini akawatafutia wazee sababu nyingine, kwamba simu ya Baba Neema imeingiliwa na matapeli. Wakaikubali! Mpaka leo Baba Neema anakaa kiti chake kilekile cha mbele kanisani.

Nimefungua shauri la talaka. Vitabu vyangu nimevipeleka duka jingine, kwa akaunti yangu na jina langu halisi, na ile takataka ya sura ya tano nimeiondoa.

Dada zangu mnaoandika, akaunti yako ifungue wewe, funguo zake zishike wewe. Nanyi mnaopenda kuchoma vitabu, vibaya vipo, vitoeni... lakini kaeni mvisome kwanza, tena mchana, mbele za watu. Na mume anayekusifu chumbani kisha akakukana barazani, usikae ukisubiri abadilike. Mimi nilisubiri, na nusura nimpoteze mwanangu.