Nadhiri ya Redio

Kila alasiri, akitoka shule, Redio alichukua chupa ya chai aliyoachiwa na bibi yake mezani, akashika njia ya hospitali. Jina hilo alipachikwa na bibi huyohuyo, kwa sababu mtoto yule aliamka akiongea na kulala akiongea. "Huyu hazimiki," bibi alizoea kusema, "labda umtoe betri."

Lakini siku ya nne sasa Redio hakuwa ametoa hata neno moja.

Mdogo wake alizaliwa kabla ya siku zake, kichwa hakizidi chungwa. Mama alilazwa naye wodini, akimbeba kifuani kutwa kucha, ngozi kwa ngozi, ili apate joto. Redio hakuruhusiwa kuingia. Alikabidhi chai mlangoni, kisha akasimama nje ya dirisha la kioo akiangalia, basi. Kumbeba hawezi, kumtibu hawezi, hata kumgusa kidole hawezi.

Ndiyo maana siku ya kwanza alipiga magoti kando ya kitanda chake, akaweka nadhiri. "Mungu wangu, ninachokipenda kuliko vyote ni kuongea. Nakupa hicho. Sitasema neno mpaka mtoto atoke hospitali. Na wewe tafadhali usimchukue."

Nyumbani na shuleni aliandika kwenye karatasi kwamba koo linamuuma. Bibi akamkorogea maji ya chumvi asukutue. Akasukutua mara tatu kwa siku, jamani, na koo lake zima kabisa!

Siku hiyo ya nne alimkuta mama amelala kwenye kiti, kachoka hoi. Mtoto alikuwa ameteleza, uso umezama ndani ya kitambaa alichofungiwa kifuani. Shavu moja tu lilionekana, nalo lilikuwa likigeuka rangi ya majivu.

Redio aligonga kioo. Nesi, aliyekuwa mwisho wa wodi akiandaa dawa, aligeuka na kuweka kidole mdomoni, yaani watoto wamelala. Redio akagonga tena. Nesi hata hakugeuka.

Akisema, nadhiri imevunjika, na Mungu atamchukua mtoto. Asiposema, mtoto anakufa mbele ya macho yake.

"Nesi! Mtoto hapumui! Mdogo wangu hapumui!"

Nesi alifika mbio. Alimchomoa mtoto, akamnyoosha shingo, akamsugua mgongo. Kimya. Mama aliamka akipiga yowe. Nesi akasugua tena, na tena, mpaka kilio chembamba kikasikika.

Bibi alipofika na nguo safi za mama, alimkuta Redio amekaa sakafuni koridoni, akilia kwa kwikwi.

"Bibi, nimeharibu! Nilimwahidi Mungu nisiongee, nimeongea. Sasa atamchukua. Na koo halikuwa linaniuma, nilikudanganya."

"Ala! Na maji yangu ya chumvi yote yale!" Bibi alijikongoja akakaa chini kando yake. "Sikiliza, mjukuu wangu. Mungu si mchuuzi, umpe hiki akupe kile. Ni Baba. Ulimwomba amlinde mtoto, na mdomo wa kuitia msaada alikuwa ameshakupa."

"Na akifa kesho?"

Bibi alimvuta karibu.

"Ya kesho siyajui," alisema. "Hata mimi naogopa, usinione hivi. Kumwamini Mungu si kujua mambo yataishaje. Ni kumshika mkono hata pale tusipojua. Mwambie unaogopa, wala usimfiche kitu, wala usitufiche sisi. Na pale unapoweza kusaidia, saidia. Yanayobaki ni yake."

Mlango ulifunguka. "Yule mwenye sauti yuko wapi?" nesi aliuliza. "Mama anamwita. Nawa mikono vizuri. Dakika moja tu, umesikia?"

Redio aliingia kwa kunyata. Mama, macho mekundu, alifunua kitambaa kidogo. Redio alinyoosha kidole, na vidole vidogo kama njiti za kiberiti vikakishika.

"Mungu," alisema kwa sauti, mbele ya mama na nesi, "sina cha kukupa. Naogopa sana. Kaa na sisi."

Mtoto alikaa wodini wiki tano zaidi, na siku nyingine zilikuwa mbaya kuliko ile. Siku aliyotoka, Redio aliongea njia nzima mpaka nyumbani, na bibi hakutaja habari za betri.