Kiungo cha Tisa

Wajukuu, huyu ni nani? Hana meno wala tumbo, lakini anakula chuma mpaka kinakwisha; na ukimfunika nguo, ndipo anapokula kwa raha. Msiharakishe kunipa mji. Sikilizeni kwanza.

Kila asubuhi Kiroboto alivuka daraja la chuma kwenda shule. Aliitwa hivyo kwa sababu kutembea hakukujua, lazima aruke. Mama yake alikuwa kiongozi wa wapaka rangi wa daraja hilo, na nyumbani kazi yake ilisimuliwa mpaka sufuria zikaijua.

"Chuma hukwanguliwa kwa brashi ya waya mpaka king'ae," mama alikuwa akisema. "Kioshwe, kikauke, kipakwe siku hiyohiyo kabla umande haujakirudia. Ukipaka rangi juu ya kutu, umeitandikia kitanda."

Jioni moja alifungua daftari la hesabu la Kiroboto. Majibu kumi na mawili, yote sahihi.

"Majibu nayaona. Njia iko wapi?"

Kiroboto alikuna kichwa. "Nimenakili kwa jirani yangu."

"Basi umepaka rangi juu ya kutu, mwanangu."

Maneno hayo yalimchoma, naye akajibu kwa hasira: "Na wewe, mama? Kiungo cha tisa cha daraja mlikikwangua? Siku moja kabla ya kuja yule mgeni wa kukagua daraja, asubuhi nilikiona kina kutu. Mchana narudi, kinameremeta."

Mama alikusanya vyombo akaenda kuviosha, hata vile vilivyokuwa safi. Kiroboto naye akarudia hesabu zote, na njia zake. Zilimchukua saa moja tu.

Mvua zilipokwisha, michirizi ya kahawia ilianza kushuka kwenye kiungo cha tisa, kama mtu aliyelia akasahau kujifuta. Injinia alikuja na nyundo ndogo. Viungo vingine vilipogongwa vililia kama kengele. Cha tisa kikalia kama boga bovu. Rangi ikabanduka, na chini yake chuma kilitoka kwa maganda, moja baada ya jingine, kama kitunguu. Sasa mmemjua yule mlaji wangu.

Daraja likafungwa siku ileile. Kipande cha kubadilisha hakikuwepo, wala hapakuwa na aliyejua kitapatikana lini. Watoto wa shule wakaanza kuzunguka kwenye kivuko cha chini, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Kiroboto aliacha kuruka.

Kisha ikaja habari kwamba Kipara ataachishwa kazi. Kipara alikuwa mpaka rangi mzee, amebakiza miezi minne astaafu, na ndiye aliyening'inia kwa kamba kwenye kiungo kile siku kilipopakwa rangi.

"Kutu haiwezi kunidhuru," aliwatania wenzake. "Itakula nini hapa, nywele?" Lakini alicheka peke yake.

Mchana mmoja Kiroboto, vumbi mpaka magotini, alikuta wapaka rangi wamesimama mbele ya kizuizi cha daraja. Injinia alikuwa na karatasi mkononi.

"Mzee," alimwambia Kipara, "ulifunika kutu ukiijua. Una la kusema?"

Kipara alitazama viatu vyake. "Nilifanya nilichoambiwa, bwana."

"Na nani?"

Kiroboto alimwona mama yake akivua glovu, kidole kwa kidole, kama mtu ambaye hatazivaa tena. Kazi ya mama ikienda, wangekula nini? Hakujua. Alitamani mama aseme, na alitamani asiseme.

Mama alisogea mbele, ila macho yake yalikuwa kwa Kiroboto.

"Kutu ikiwa nje, brashi inaitosha," alisema. "Ukiificha, inadai msumeno. Na uongo ndio hivyohivyo. Wewe ulifuta hesabu zako ukaanza upya; mimi chuma hiki siwezi kukirudisha. Mvua ilikuwa imetuchelewesha, na mgeni alikuwa njiani. Uliniuliza swali nikakimbilia vyombo."

Alimkabidhi injinia glovu zake.

"Hatukukikwangua, mwanangu. Mzee alikataa. Mimi ndiye niliyesema, paka."