Mabinti wa Mwosha Maiti

Ukuta wa mahakama uligeuka buluu, na watu wote waliojaa uwanjani wakaguna kwa pamoja.

Ukuta ule ulikuwa wa kioo kinachowaka, mrefu kama ghorofa nne, na jiji la Tanga lilikuwa limeujenga ili wananchi waione haki kwa macho yao. Ndani ya mahakama mshtakiwa alifungwa utepe mwembamba kwenye paji la uso. Utepe huo ndio uliokuwa Kisomamoyo. Ulisoma joto la ngozi, mwendo wa damu na vijiradi vidogo vya umeme vinavyopita ubongoni, kisha ukavigeuza kuwa rangi. Huzuni ilitoka nyekundu, hofu manjano, na buluu ilikuwa ya mtu aliyetulia, asiye na lolote moyoni.

Mshtakiwa wa siku hiyo, Mwanaidi, alikuwa ameonyeshwa picha ya mumewe, Hatibu, akiwa amelala chini ya jengo lao baada ya kuanguka kutoka roshani ya juu. Ukuta ukawa buluu tupu.

"Haa! Huyo mwanamke ana barafu kifuani," alisema Chambuso, mrushaji wa makapu-ruka yanayopeleka mizigo mijini. Alikuwa na kachori mkononi na mdomo umejaa.

"Mimi mume wangu akichelewa tu kurudi, ukuta huo ungewaka moto," akasema Mama Rehani.

"Wewe ungewaka kwa wivu, siyo huzuni."

Watu wakacheka. Mize, aliyekuwa akiwakaangia kachori, hakucheka. Aligeuza moja, akaisubiri, akageuza nyingine. Tangu kesi ianze alikuwa akiwauzia watu hawa na kuwasikiliza, na hakuna aliyejua kwamba mwanamke wa ukutani ni dada yake, tumbo moja.

Sura ya Daktari Nakunda, mtaalamu wa saikolojia, ikatokea ukutani. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya upole. Hakuonekana kama mtu anayemchukia mtu.

"Mheshimiwa Jaji," alisema, "mke anayempenda mumewe, hata akijikaza, mwili humsaliti. Damu hukimbia, joto hupanda. Kwa mshtakiwa pumzi ilishuka, na mapigo yakashuka nayo. Huu ni utulivu wa mtu ambaye jambo hili halikumshtua, kwa sababu alilijua kabla halijatokea."

"Umesikia?" Chambuso alipiga paja. "Daktari kamaliza kazi. Alimsukuma, basi."

"Si mkewe alisema Hatibu aliteleza akifuta sahani ya umeme wa jua?" mtu mmoja aliuliza.

"Kinywa kinasema. Ukuta umekataa."

Mize akazima jiko. Akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya ndoo. Mama Rehani akamuuliza, "Wewe, unafunga mapema hivi? Na kachori zangu?"

"Chukua zilizopo, mama. Nina ndugu yangu ndani humo."

Hakungoja kuona walivyotazamana.

Wakili Semboja, aliyekuwa akimtetea Mwanaidi, alimsikiliza Mize kwenye ngazi za mahakama, akaenda kuongea na jaji. Haikupita muda Mize akaitwa kizimbani. Shahidi yeyote wa siku hizo alikuwa lazima afungwe utepe, naye akafungwa. Upande wa pili akamwona Mwanaidi, amekonda, mikono ameiweka mapajani.

"Eleza, mwanangu," Jaji alimwambia.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Mama yetu alikuwa mwosha maiti kule Pongwe. Akifa mtu wa kike, aliitwa yeye, na sisi tulimbebea maji tangu tukiwa wadogo. Alitufundisha kwamba chozi lisimdondokee maiti. Ukimwona maiti, ulimi unaubana juu, pumzi unaishusha chini kabisa, na moyo unaukalisha. Hata awe bibi yako. Tumefanya hivyo mpaka mwili umezoea, hatuuambii tena."

"Na mnalia lini?" Jaji akauliza.

"Kazi ikiisha, mama anatumwagia maji mikononi. Hapo ndipo anasema, haya, lieni sasa. Tunalia mpaka tunalala. Lakini lazima umwagiwe na mwenzako, huwezi kujimwagia. Dada alimfuta Hatibu damu usoni, polisi wakamchukua pale pale. Hakuna aliyemmwagia maji mpaka leo."

Wakili Semboja akavuta pumzi, kama mtu aliyeona mlango.

"Basi tumpime," Daktari Nakunda alisema taratibu. "Kama anasema kweli, nitakuwa wa kwanza kufurahi."

Wakamwonyesha Mize picha ile ile. Hatibu, shemeji yake, aliyekuwa akimwita Mize "mke wangu mdogo" na kumtania mbele za watu, kalala kwenye saruji na kiatu kimoja. Mize alitaka kulia. Aliomba moyoni, leo tu, moyo, leo tu nisaidie. Lakini ulimi ulishapanda wenyewe ukabana juu. Pumzi ikashuka. Kifua kikawa kizito na kimya kama mtungi uliojaa.

Ukuta ukawa buluu.

Kelele za nje zilipenya mpaka ndani. Daktari akatazama rangi ile kwa muda mrefu, akasema kwa masikitiko, "Mheshimiwa, siwezi kusema kisichoonekana. Huzuni iliyofichwa huacha joto, na hapa joto sioni. Huenda tuna ndugu wawili wenye hali moja ya kuzaliwa nayo."

"Nimwagieni maji!" Mize alisema. "Tumwagieni maji mikononi sote wawili, mtaona wenyewe!"

"Uganga mahakamani!" mtu akapiga kelele, na kicheko kikapasuka.

Jaji akagonga meza. Akamtazama Daktari.

"Maji hubadilisha joto la ngozi," Daktari alijibu. "Kipimo kitaharibika, na sheria ya Kisomamoyo inakataza."

Jaji akainamisha kichwa. Sheria aliijua. Jioni hiyo hiyo alisoma hukumu: kifungo cha maisha. Nje watu walipiga makofi, kisha ukuta ukaanza kutangaza sabuni.

Mize alirudi kwenye meza yake. Mama Rehani alimvuta mjukuu wake aliyekuja naye, wakakaa mbali. Alichukua jagi la maji ya kuoshea vyombo, akaenda geti la nyuma ambako gari la wafungwa, lisilo na dereva, lilikuwa limesimama likisubiri amri. Askari mmoja wa kike akamtazama, akageuza uso.

"Toa mikono, dada."

Mwanaidi akaipitisha kwenye nondo za dirisha la gari. Mize akamimina, akamshikisha jagi ammiminie na yeye, akalipokea tena, na Mwanaidi akafumbua kinywa na kutoa sauti ambayo Mize hakuwa ameisikia tangu mama yao afe. "Hatibu! Hatibu wangu! Nilikwambia utelezi huo, baba!" Mize naye akaangukia nondo, wakalia wote wawili, kamasi na machozi yakitiririka.

Watu waliokuwa wakiondoka wakasimama.

"Waone!" Chambuso alisema. "Wamekwisha hukumiwa ndiyo sasa wanajililia."

"Machozi ya jela hayo," mwingine akajibu, nao wakaendelea na njia.

Daktari Nakunda alikuwa akitoka na kisanduku cha Kisomamoyo kwapani. Alisimama. Aliwatazama wale wanawake wawili, maji yakidondoka vidoleni mwao. Mkono wake ukagusa kifuniko cha kisanduku, ukabaki hapo.

"Daktari," Mize alimwita kwa sauti iliyokauka, "njoo utupime sasa."

Daktari alitikisa kichwa. "Hukumu imeshasomwa, mdogo wangu. Imeshaingia kwenye mtambo. Hata mimi siwezi kuirudisha."

Gari likapata amri yake, likaondoka lenyewe. Mize akabaki ameshika jagi, lililokuwa bado na maji kidogo.