Maji Hayajalala

Kila alipotoka shule, Chiriku alipitia kiwanda cha kukata mawe ili arudi nyumbani pamoja na baba yake. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Akifika, alivua viatu na kuketi kando ya birika kubwa la saruji.

Birika hilo lilipokea maji yaliyopoza msumeno wa kukatia mawe, meupe kama uji kwa vumbi la mawe. Humo yaliachwa bila kuguswa. Vumbi lilizama polepole likawa tope chini, maji safi yakabaki juu, kisha pampu ikayarudisha kwenye msumeno. Hapo wafanyakazi walisema maji "yamelala." Kabla ya kuwasha pampu, baba aliuliza kwa sauti, na aliye karibu na birika alichungulia na kujibu.

Siku hiyo Chiriku alikuwa akirusha kiatu juu na kukidaka, ingawa alikatazwa kucheza pale. Kikamponyoka, chubwi! Akachukua fito, akakitafuta chini. Kiatu alikipata, lakini tope lote liliamka. Akajaribu kulichota kwa kopo; kadiri alivyochota ndivyo lilivyozidi kutimka.

"Chiriku!" baba aliita kutoka kibanda cha pampu. "Maji yamelala?"

Chiriku akaficha kopo mgongoni. Pampu iliwahi kuvuta tope ikafa, na wafanyakazi wote wakakaa nyumbani bila kazi mpaka ikatengenezwa.

"Leo Chiriku kameza ulimi!" alicheka fundi wa msumeno, mwanamke mnene waliyemwita Mama Meno. "Mjibu baba'ko, mwanangu, mawe yanatungoja."

"Ya... yamelala," alisema.

Akamwona baba akinyoosha mkono kwenye swichi. Akatimua mbio, kiatu mkononi kikichuruzika maji meupe.

"Baba, usiwashe! Hayajalala! Nimeyaamsha mimi!"

Mkono wa baba uliganda hewani. Akaenda kuchungulia birika.

"Niongeze maji safi, baba?"

"Usiguse kitu."

"Hayabembelezwi hayo," alisema Mama Meno, akiketi juu ya jiwe. "Tungoje tu."

Wakangoja. Chiriku hakubandua macho majini. Mwanzoni hakuona mabadiliko, akadhani ameyaharibu moja kwa moja. Kisha weupe ukaanza kushuka, taratibu, hadi maji ya juu yakang'aa. Baba alihakikisha mwenyewe, akawasha pampu. Ikanguruma vizuri. Chiriku akaangua kilio.

Baba akachuchumaa mbele yake.

"Kesho utatusaidia kuzoa tope, kwa kuwa ulicheza pale. Lakini sikia, mwanangu. Maji ukiyavuruga, yakiachwa yatatulia yenyewe. Neno la uongo halitulii. Kule kibandani mimi sioni ndani ya birika, naona kwa macho ya anayenijibu. Ukikosea, sema mapema, hata kama sauti inatetemeka. Leo umesema kabla sijawasha, ndiyo maana kesho sote tuna kazi."