Alimwambia Mazoezi Yatamuua

— Dada Nelida! Umerudi lini kutoka Bacolod?

Nelida alikuwa ameshikilia meza ya mapokezi ya kliniki, kichwa kinamgonga kama kuna mtu anapasua kuni ndani yake. Alidhani amesikia vibaya.

— Bacolod gani tena, Divina? Mimi niko hapahapa Jaro. Hata boti ya kuvuka kwenda huko sijapanda.

Nesi Divina aliacha kutabasamu. Alimkalisha, akamfunga mkono kumpima presha, akaitazama mashine, kisha akapima upya.

— Dada, imepanda vibaya. Na ulikuwa umeishusha vizuri, tukikutolea mfano kwenye kikundi! Kumetokea nini?

— Si nyinyi mlionikataza mazoezi?

— Sisi?

— Daktari Villareal alimpigia mume wangu. Alisema moyo wangu umechoka, nikiendelea kurukaruka pale plaza nitaanguka nife mbele za watu.

— Nani kakwambia hayo?

— Crisanto.

Divina alitoa simu yake, akatafuta meseji moja ya zamani kidogo, akamgeuzia kioo.

"Nesi, mke wangu amehamia kwa dada yake Bacolod na laini amebadilisha. Mtoeni kwenye kikundi. Asanteni kwa yote. Crisanto."

Nelida aliisoma, akairudia.

Kikundi chenyewe kilikuwa cha kliniki, cha watu wazima wanene wenye presha. Asubuhi walikutana plaza, uwanja wa wazi wa mji, wakaizunguka kwa mwendo wa kawaida, halafu wakacheza muziki chini ya kocha Jomar. Alipojiunga, Nelida hakuweza kupanda ngazi za kanisa bila kusimama kuhema. Baada ya miezi kadhaa sketi zilianza kumlegea, usingizi ukawa mtamu, na kicheko chake kikasikika hadi kwa majirani. Ndipo Crisanto alipomletea habari ya daktari. Nelida alilia siku nzima, akakaa nyumbani. Tangu hapo mumewe alimwekea mezani kila jioni bakuli la batchoy, supu nzito ya tambi na ini, ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikielea juu.

— Kula, mke wangu, upate nguvu, alikuwa akimwambia.

Naye alikula. Alijua anapendwa.

Siku hiyo Daktari Villareal alimwongezea dawa, akamlaza kitandani mpaka presha ikateremka. Alipoachiwa hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye mgahawa wao. Crisanto alikuwa nyuma ya sufuria, tumbo limeukaza mkanda wa aproni, anataniana na wateja.

— Zima jiko, Nelida alisema.

— Neli, wateja hawa...

— Zima jiko, au nisemee mbele yao?

Alizima. Wakaingia chumba cha nyuma, kwenye magunia ya vitunguu.

— Daktari Villareal alikupigia lini?

— Siku ile... si nilikwambia?

— Nimetoka kwake sasa hivi. Namba yako hata hana.

Crisanto alijifuta uso kwa taulo, akaendelea kuufuta hata ulipokwisha kukauka.

— Niliogopa, Neli. Kaka yangu Edgardo si alianguka akicheza mpira wa kikapu? Nilimbeba mimi kwa mikono yangu.

— Edgardo aliacha dawa, na siku ile alishinda kwenye bia. Usijifiche nyuma ya marehemu. Nataka ukweli.

Huko mbele mtu aligonga kijiko mezani akiulizia supu yake.

— Wananicheka, Crisanto alisema hatimaye. Hapohapo kwenye meza zangu. "Crisanto, mkeo anazidi kung'ara! Kocha kamtengeneza kweli! Siku moja utaamka kitanda kitupu." Nikijitazama kwenye kioo, hili tumbo, hii shingo... Nikasema, huyu akipendeza atabaki na mimi kwa lipi?

— Kwa hiyo ukaona bora nife mnene, lakini nife nikiwa wako.

— Sikusema hivyo!

— Ulinipikia hivyo. Bakuli kwa bakuli.

Alibeba mkoba wake, akaenda kwa binamu yake Teresita, mtaa wa Molo. Simu ikaanza kuita kabla hajavua viatu. Hakupokea. Meseji zikafuata.

"Neli rudi. Jiko nimefunga."

"Pokea hata mara moja nikusikie unahema."

"Nitukane basi. Ukinyamaza naona kama umekufa kweli."

Hiyo ya mwisho ilimchoma. Alikaa na simu mkononi, machozi yanamdondokea mapajani, na Teresita akamwambia:

— Usimjibu huyo! Mwanaume wa kukuua kwa kijiko!

Siku chache baadaye, daktari alipomruhusu kuanza tena taratibu, Nelida alimwandikia mumewe: "Kesho asubuhi narudi plaza. Usije kunifanyia fujo."

Akaja.

Nelida alikuwa akitembea na wenzake aliposikia muziki ukikatika. Crisanto alikuwa anavuka plaza kwa hatua ndefu, shati limelowa jasho, anamfuata Jomar. Wanawake walisogea pembeni. Jomar, kijana mwembamba, alirudi nyuma hatua moja.

— Kaka, tuongee kwa amani.

— Crisanto! Nelida alipiga kelele. Usimguse!

Lakini Crisanto alisimama mbele ya kocha, mikono inaning'inia.

— Nilikuchafua mtaani. Nilisema unawinda wake za watu. Nilidanganya, alisema akihema, akawageukia wale wanawake. Na mke wangu hakuhamia popote. Mimi ndiye niliyemfungia ndani kwa uongo.

— Usiniombe radhi mimi, Jomar alisema. Mwenyewe yule pale.

Crisanto hakuthubutu kumtazama. Alimgeukia nesi.

— Divina, niandike na mimi.

— Hatuandiki mtu kabla hajapimwa. Kaa.

Alikaa kwenye benchi, akanyoosha mkono. Mashine ilipomaliza, Divina aliitazama, kisha akamtazama Nelida badala ya Crisanto.

— Kaka, leo huchezi. Unakwenda kwa daktari sasa hivi.

— Nikishafungua jiko...

— Sasa hivi! Kifua kinauma? Unaona ukungu?

— Hapana. Kichwa tu, alisema akiinamisha uso. Kinaniuma mwaka mzima.

— Mwaka mzima! Nelida alisema. Na hukuniambia?

— Ningekwambiaje? Ungenileta huku, watu wakaniona nahema kama ng'ombe mbele ya huyu kijana.

Hakuna aliyecheka. Kliniki ilikuwa ng'ambo ya barabara tu. Divina alitangulia kumwita daktari. Crisanto aliinuka, akashika mgongo wa benchi, uso umepauka.

— Neli, naogopa.

— Hata mimi nilikuwa naogopa. Ukanidanganya nikiwa naogopa.

Crisanto alifumba macho. Machozi yakachuruzika kwenye mashavu yake manene, mbele ya plaza nzima, wala hakuyafuta.

— Nisamehe, mke wangu.

Nelida alitaka kumpiga. Alitaka kumkumbatia. Mwishowe aliupitisha mkono wake chini ya kwapa la mumewe, akamshika barabara.

— Bado sijakusamehe, Crisanto, alisema. Tembea. Polepole.