Radhi kwa Herufi Zile Zile

Siku walipokutana, mmoja hakuwa na sauti na mwingine alikuwa hasikii vizuri. Mapenzi mengi huanza hivyo hivyo, ila wenyewe huwa hawajijui.

Ilikuwa kliniki ya masikio na koo, asubuhi ya Ijumaa, benchi zimejaa mpaka watu wameketi nusu tako. Mwanamke alikuwa amejifunga mtandio wa bluu hadi puani, na juu ya mtandio miwani nyeusi ya ukubwa wa visosi. Daktari alimwambia afunge mdomo wiki nzima, hata kunong'ona asinong'one. Kando yake aliketi kijana mrefu, mwembamba, shati jeupe lenye doa la wino mfukoni, pamba imechomoza sikioni kama mche.

Televisheni ya ukutani ikamwonyesha Chiriku, mwimbaji ambaye jina lake lilikuwa midomoni mwa mji mzima, yumo ndani ya gauni la dhahabu lililombana hadi pumzi.

"Akiimba huyu," kijana akamwambia jirani yake, "sikio langu zima linalionea wivu lile bovu."

Mwanamke akageuza kiganja kuuliza: kwa nini?

"Anavuta mno. Neno moja analivuta kama mtu anayevuta mbuzi mkaidi. Mbona husemi, dada? Bubu?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Afadhali yako. Kazini kwetu wote wanasema, hakuna wa kunyamaza."

Mwanamke alicheka bila sauti, mabega yakimruka, mpaka miwani ikateleza. Kijana akayaona macho. Akatazama televisheni. Akayatazama tena macho.

"Yale niliyosema," akaanza taratibu, "nilikuwa namsema mwingine."

Mwanamke akachomoa kalamu kwenye mfuko wa lile shati, akamshika mkono, akamwandikia kiganjani namba ya simu, na chini yake: *Mbuzi anakusubiri.*

Kijana hakunawa mkono ule hadi alipoinakili namba vizuri. Sauti iliporudi, ni mwenyewe Chiriku aliyepokea simu.

"Mbuzi hapa."

"Nilijua nitashtakiwa."

"Bado. Kwanza njoo tunywe chai, nikutazame usoni. Mtu hashtakiwi bila kutazamwa."

Wakanywa chai ya kwanza, wakanywa ya pili, na chai ikawa desturi. Kazini kijana aliitwa Rula, kwa urefu wake, na kwa sababu kazi yake ilikuwa kupanga kurasa za gazeti. Gazeti lenyewe lilikuwa lile ambalo watu husema hawalisomi, halafu wanajua kila kilichoandikwa.

"Kumbe uko kwa wale," Chiriku akasema, kikombe kikisimama njiani.

"Mimi siandiki, mpenzi. Wanaleta maneno, mimi nayapangia pa kulala. Hili ubavuni, hili chini, picha juu."

"Mchinjaji naye husema kazi yake ni kushika kisu tu."

"Unaona? Mbuzi hasahau."

Chiriku akacheka, lakini jicho moja likabaki kwa Rula. Na kwa kuwa mtu anayependa huropoka, siku hiyo hiyo akamsimulia siri. Kesho ya ile kliniki alikuwa na onyesho ukumbini, tiketi zimekwisha, na sauti hana. Wakaweka rekodi, yeye akapanda na gauni lake, akachezesha midomo mwanzo hadi mwisho.

"Ukiacha nyumbani kwetu, wanaojua ni wapiga vyombo wangu na wewe. Wao wanakula kupitia mdomo huu, hawawezi kuutia mchanga. Wewe je?"

"Mimi nataka kuubusu tu."

Akambusu. Tuwaache hapo kidogo, wana haki yao.

Haikupita muda, gazeti likatoka na maneno mazito ukurasa wa kwanza: CHIRIKU HAIMBI. Liliandika kwamba kwenye onyesho la ukumbini koo lilikuwa limevimba, mwimbaji akachezesha midomo. Likaendelea kuwa hata nyimbo zake zote si sauti yake, ni ya mwanamke fulani anayefichwa nyuma ya pazia. Uongo ukitiwa punje moja ya kweli huumuka kama unga. Redio zikacheka. Wenye kumbi wakaacha kupokea simu zake. Watoto wakipita nyumbani kwake wakawa wanafungua midomo na kuifunga, kama samaki.

Wakili wake, mwanamke mfupi mwenye viatu virefu, alisoma gazeti akalikunja.

"Tunadai radhi. Na iwe ukurasa ule ule, herufi za ukubwa ule ule. Hawa wenzetu hutukana ukurasa wa kwanza, wakaomba msamaha chini ya matangazo ya mbwa waliopotea."

Chiriku hakumsikiliza hadi mwisho. Kichwani mwake mlikuwa na swali moja: koo langu nani kalisema? Akavaa gauni jekundu, akaingia kantini ya gazeti wakati wa chakula cha mchana, visigino vikigonga sakafu ko, ko, ko. Rula alikuwa na kijiko mdomoni.

"Ukurasa ule uliupanga wewe?"

"Siku ile nilikuwa nimerudi kliniki. Aliupanga mwenzangu. Kaa, mpenzi, tuzungumze."

"Mpenzi wako ni gazeti. Koo langu nani aliwapa?"

"Si mimi."

"Unaumwa sikio. Sikio lako likisikia siri linapona." Akawageukia waliokuwa wakila, kwa sauti ile iliyojaza kumbi. "Mtazameni vizuri. Huyu hulala kifuani pako usiku, asubuhi akakuuza reja reja. Mnafiki."

Kantini nzima ikaacha kutafuna. Akatoka.

Jioni Rula alipiga simu.

"Na mimi nina langu. Ulinipenda mimi, au ulitaka mtu wa ndani ya gazeti, wa kukutonya?"

"Hilo ndilo jibu lako?"

"Ni swali."

Simu ikakatwa, na kila mmoja akaona kwamba mwenzake amekimbia swali. Shuka lenye harufu ya mtu unayemshuku halilaliki. Chiriku alilifua mara mbili.

Kazini nako, mhariri, bwana mwenye kitambi na ovaroli la jinzi la kijana, akamwita Rula.

"Ulikuwa unatoka naye. Utakuja kwa wakili wake, useme siku ile hakuimba. Madai yatakufa yenyewe."

"Nisiposema?"

"Nitaamini wewe ndiye unayempelekea habari zetu."

"Basi amini. Wewe wa pili."

Mhariri alimburuta hivyo hivyo. Ofisi ya wakili ilikuwa na meza ndefu na feni inayolalamika. Upande huu Chiriku na mama yake, aliyekuja kushuhudia kwamba mwanawe ameimba tangu utotoni. Mama alikuwa amevalia kweli kweli, mkoba mapajani, nywele ndiyo kwanza zimetoka kusukwa. Upande ule mhariri na Rula.

"Mwulizeni huyu kijana," mhariri akasema. "Anajua yote ya siku ile."

Chiriku akashika ukingo wa meza. Neno moja tu, na jina lake lingekwenda na maji.

"Mimi napanga kurasa," Rula akasema. "La ziada sina."

Chiriku akamkazia macho. Anaficha nini huyu? Anangoja bei?

Wakili akaona ameshinda, akatabasamu. "Mama, hebu waeleze mwanao alivyoimba siku ile."

"Aimbe na nini?" mama akauliza. "Koo lilikuwa limefungwa kama duka lenye msiba."

"Mama."

"Usinikatize, nakutetea. Kule saluni walisema umevimba kichwa, husalimii watu. Nikawaambia kilichovimba ni koo, kichwa chake kizima. Mwanangu alipanda jukwaani hana hata sauti ya kifaranga, rekodi ikaimba, yeye akachezesha midomo, na hakuna aliyegundua. Nani mwingine anaweza? Hata yule dada wa kiti cha jirani alinipa hongera, akaniomba nimsimulie tena taratibu."

"Alikuwa anaandika?" wakili akauliza.

"Yeye kutwa na simu yake. Si unawajua vijana."

Mhariri akakohoa, akaanza kuikagua feni.

Wakili akamwinamia Chiriku sikioni: "Sema mama yako ana umri, anachanganya mambo."

Chiriku alimtazama mama, aliyekuwa anangoja kusifiwa. Akamtazama Rula, aliyekuwa anatazama mikono yake. Mtu huyu alijua kila kitu, alitukanwa, akaburutwa hadi hapa, na mdomo wake ulibaki umefungwa. Chiriku akaona aibu ikimpanda shingoni kama upele.

"Mama anasema kweli," akasema. "Siku ile sikuimba. Walionunua tiketi nitawaomba radhi mwenyewe, hadharani. Lakini nyimbo zangu ni za koo hili. Huyo mwanamke wa nyuma ya pazia mleteni sasa hivi, nimwone."

Feni ikalalamika peke yake.

"Bwana mhariri," wakili akasema, "tunangoja pazia lifunguke."

Halikufunguka. Wakaelewana: radhi mbili ukurasa wa kwanza, ya Chiriku na ya gazeti, ubavu kwa ubavu, herufi zile zile. Rula ndiye aliyezipanga, na hakuipendelea hata moja. Watu waliposoma walicheka, na anayekuchekesha huwezi kumkasirikia sana. Simu za wenye kumbi zikaanza kulia tena.

Ya Rula haikulia. Ikabidi Chiriku apige.

"Nisamehe."

"Kwa simu?"

"Ulitaka kwa tarumbeta?"

"Ulinitukana kantini, wakati wa chakula, kwa sauti ya jukwaani. Radhi iwe ukurasa ule ule, herufi za ukubwa ule ule. Wakili wako ndiye aliyenifundisha."

"Una roho mbaya wewe."

"Kesho kuna kuku. Watajaa."

Kesho yake Chiriku akaingia kantini, gauni la kijani safari hii, viatu vya chini. Mpishi akamtabasamia mno. Mhudumu akamfutia kiti ambacho hakikuwa na vumbi. Watu wawili wakakanyagana miguu chini ya meza. Kuna kitu hapa, akajiambia.

Hata hivyo akasimama mbele ya Rula, akavuta pumzi ya tumboni.

"Nilimwita mtu huyu mnafiki mbele yenu. Si mnafiki. Alinitunzia siri nami nikamtupia matope. Namwomba radhi, nanyi muwe mashahidi."

Vijiko vikagongwa mezani.

"Imepokelewa," Rula akasema. "Sasa kaa. Nataka kukuoa."

Chiriku hakukaa. Alimkunjia uso, halafu akamkunjia mpishi, aliyekuwa amejiziba mdomo kwa aproni.

"Habari hii umeshamwambia nani?"

"Hapa, hata mtu mmoja. Nimefanya kama watu wenye adabu. Asubuhi nilipita kwenu nikamwomba mama kwanza."

"Akasemaje?"

"Akakubali. Akaanza kuvaa viatu."

"Anakwenda wapi?"

"Sikumwuliza."

"Saluni. Basi nimeshaolewa," Chiriku akasema, akavuta kiti. "Nipakulie kuku."